Epistemolojia ipi, Mwalimu? Jibu kwa anayetaka kuanza masta Lubumbashi

Mwalimu mmoja wa Katuba, Lubumbashi, anauliza: "Nilimaliza lisansi ya falsafa na sasa nafundisha falsafa darasa la mwisho la sekondari. Nataka kurudi shule nifanye masta katika epistemolojia ya kisasa. Nimesoma Bachelard, Popper na Kuhn. Nianzie wapi? Nahitaji Kiingereza kiasi gani? Na memwari (andiko la kumalizia masta) ya namna hiyo inaweza kuandikwa mtu akiwa hapa hapa Lubumbashi?"

Mwalimu, kabla hujanunua hata kitabu kimoja, tulisafishe kwanza neno lenyewe, maana ndilo linalowala wanafunzi wetu muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Katika Kifaransa tulichosomea, "épistémologie" ni falsafa ya sayansi: sayansi inaendaje, inajengwaje, inaangukaje na kuinuka. Huko ndiko aliko Bachelard na kitabu chake cha 1938 juu ya malezi ya akili ya kisayansi, na huko ndiko waliko Popper na Kuhn. Katika Kiingereza, neno hilo hilo linataja kazi nyingine, ile ambayo Wafaransa huiita "théorie de la connaissance": kujua ni nini, sababu ya kuamini jambo inatosha lini, neno la mwenzako lina uzito gani, mashaka yanaweza kwenda hadi wapi. Unaposema epistemolojia ya kisasa, karibu kila mtu duniani ataelewa maana ya pili. Vitabu vyako vitatu ni vizuri, lakini vyote viko upande wa kwanza wa mto.

Hili si suala la msamiati tu. Linaamua nani atakuwa promoteri wako, yaani profesa atakayesimamia memwari, utasoma nini, na jopo litakuuliza nini siku ya kutetea. Ukimwendea profesa ukamwambia "nataka epistemolojia" ukaishia hapo, atakupa mada juu ya vizuizi vya kiepistemolojia kwa Bachelard, naye hatakuwa na kosa. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya mradi wako iseme wazi kwamba kazi inahusu nadharia ya ujuzi kama inavyojadiliwa tangu 1963, na kwamba historia ya sayansi haimo.

Kwa nini 1963? Mwaka huo Mmarekani Edmund Gettier alitoa makala ya kurasa 3 katika jarida la Analysis. Kabla yake wengi waliona inatosha kusema hivi: kujua ni kuamini jambo, jambo lenyewe liwe kweli, nawe uwe na sababu nzuri za kuliamini. Gettier mwenyewe anaonyesha kwamba wazo la namna hiyo lilishaguswa na Plato, katika Theaitetos na Meno. Kisha anatoa mifano miwili inayotimiza masharti yote matatu, na bado kila msomaji anaona kwamba mtu yule hajui.

Tuulete mfano kwetu. Ni saa mbili usiku, mtaa wa Kampemba wote ni giza, umeme wa SNEL, shirika la umeme la nchi, umekatika tangu mchana. Mama mmoja yuko uani anapika kwa makaa. Anatupa jicho juu ya ukuta, anaona taa ya jirani inawaka, anasema: umeme umerudi. Ana sababu nzuri, kwani miaka yote taa ile ikiwaka ni kwamba umeme umerudi. Asichojua ni kwamba leo jirani amenunua taa ya betri, na ndiyo inayowaka. Lakini dakika hiyo hiyo SNEL imerudisha umeme kweli, ila taa za nyumbani kwake mwenyewe zilikuwa zimezimwa kwenye swichi. Anaamini umeme umerudi. Ni kweli umerudi. Sababu yake ni nzuri. Je, anajua? Hapana. Amepatia kwa bahati.

Kaa na mfano huu siku mbili tatu, maana nusu ya kozi ya masta imo ndani yake. Jibu la kwanza linalokuja kichwani ni kwamba mama amepita juu ya neno la uongo ("taa ya jirani inawashwa na SNEL"), basi tuongeze sharti la nne: ujuzi usijengwe juu ya uongo. Jibu hilo lilitolewa mwaka huo huo wa 1963. Sasa badilisha mfano. Mtaani kuna nyumba 10. 9 zina taa za betri zisizotofautika na za umeme, na mama, bila kujua habari hiyo, ametazama ile moja tu inayowashwa na SNEL. Hakuna uongo popote katika fikra zake, na bado wengi wetu tunasita kusema anajua, kwani angetazama dirisha la pili angedanganyika. Umbo hili la mfano lilitolewa na Alvin Goldman mwaka 1976, kwa mabanda ya shamba yaliyo ya kweli na ya bandia, na mwenyewe alisema mfano ameupata kwa Carl Ginet.

Robert Nozick, mwaka 1981, akauliza: kama jambo lisingekuwa kweli, je, mtu huyu angeendelea kuliamini? Rudi kwenye mfano wa kwanza: kama umeme usingerudi, mama angeendelea kuamini umerudi, maana taa ya betri ingewaka vile vile. Basi hajui. Jibu zuri, ila lina gharama. Ukifuata sharti la Nozick hadi mwisho, unalazimika kukubali kwamba mtu anaweza kujua jambo moja, akajua pia kwamba jambo hilo linaleta la pili, na bado la pili asilijue. Wengine wanaona gharama hiyo haibebeki. Hapo umefika penye mjadala wenyewe, na ulianzia kwenye taa ya jirani.

Ukipata nafasi ya kusoma makala moja tu baada ya Gettier, soma ya Linda Zagzebski ya 1994. Anaonyesha kwa nini viraka havishiki. Kila fasili inayoacha hata upenyo mdogo kati ya sababu nzuri na ukweli itatobolewa kwa njia moja: chukua imani yenye sababu nzuri iliyogeuka uongo kwa bahati mbaya, kisha ongeza bahati njema inayoirudisha kuwa kweli. Mtazame yule mama tena: bahati mbaya ni betri, bahati njema ni SNEL. Mwanafunzi akishaielewa njia hii anaweza kutunga mifano yake mwenyewe, na hiyo ndiyo dalili kwamba amesoma.

Baada ya hapo njia zinaachana. Goldman, katika makala ya 1979, anapima imani kwa jinsi ilivyozaliwa: njia iliyoizaa huleta ukweli mara nyingi au la? Laurence BonJour alikuwa tayari, mwaka 1980, ameshampinga kwa mfano wa mtu mwenye kipaji cha kuona ya mbali, kipaji kinachopatia kila mara ingawa mwenyewe hana sababu hata moja ya kukiamini. Ernest Sosa anafananisha ujuzi na mshale unaolenga shabaha kwa ustadi wa mpiga mshale. Timothy Williamson, katika kitabu chake cha 2000, anageuza meza: tuache kuuvunja ujuzi vipande, tuanze na ujuzi wenyewe na kueleza imani na ushahidi kwa msaada wake. Huyu asiwe wa kwanza kusomwa. Ni mgumu, na ukimwendea bila Gettier na Goldman utaona anapigana na hewa.

Sasa namna ya kusoma, kwani hapo ndipo wenye lisansi nzuri wanapokwama. Tumezoezwa kusoma mwandishi mzima: maisha yake, vitabu vyake, mfumo wake, kisha "ukosoaji na mtazamo". Katika fani hii unasoma hoja moja moja. Weka makala 12 kwa wiki 12, si zaidi, na kila makala isome mara tatu. Mara ya kwanza tafuta dai kuu, uliandike kwa sentensi moja ya Kiswahili au Kifaransa, bila maneno ya mwandishi. Mara ya pili toa nguzo za hoja, uzipe namba, na chini yake uandike hitimisho. Ukiona hitimisho halifuati, aidha nguzo moja imefichwa au mwandishi ameteleza, na lazima uamue ni lipi. Mara ya tatu chagua nguzo moja tu na uishambulie kwa mfano wa kwako, kisha uandike jinsi mwandishi angekujibu. Kazi yote isizidi kurasa 2. Wanafunzi wengi huruka hatua ya mwisho, ya mwandishi kujibu, na hapo memwari zao hugeuka orodha ya malalamiko.

Mantiki unahitaji, lakini si kama wengi wanavyoogopa. Mantiki ya sentensi na ya viarifu lazima iwe mkononi. Ya uwezekano na ulazima itoshe kukuwezesha kusoma "kama jambo lisingekuwa kweli" bila kupotea. Ongeza uwezekano wa kihesabu, angalau kanuni ya Bayes (inayoonyesha ushahidi mpya ubadilishe kiasi gani unavyoamini), kwa sababu sehemu kubwa ya fani leo inaongea juu ya kiasi cha kuamini, haiishii kwenye kuamini au kutoamini. Mfano wa hesabu: tuseme watoto 100 wenye homa wamefika kwenye zahanati, na 10 kati yao wana malaria. Kipimo kinawakamata 9 kati ya hao 10, lakini kwa wale 90 wasio na malaria kinakosea mara moja katika kila 10, yaani kinawahesabu 9 kuwa wagonjwa. Waliotoka na jibu la "ndiyo" ni 18, na wenye malaria kweli ni 9. Kipimo kinachoonekana kizuri kimekupa nusu kwa nusu. Anayesahau wale 90 atasema "kipimo kinapatia mara 9 kwa 10, basi mtoto ana malaria kwa 90 kwa 100", na kosa hilo linafanywa hata na wasomi. Mwezi mmoja wa mazoezi ya namna hii, kwa kalamu na karatasi, unatosha kuanzia.

Kiingereza: ndiyo, utakihitaji, lakini cha kusoma. Cha kuzungumza kinaweza kungoja. Njia nyepesi ni kuweka tafsiri na asili bega kwa bega. Mkusanyiko wa Julien Dutant na Pascal Engel uliotolewa na Vrin, Paris, mwaka 2005, una makala za msingi kwa Kifaransa, ya Gettier ikiwamo. Soma ukurasa wa Kifaransa, kisha wa Kiingereza, kisha funga vyote viwili uandike hoja. Dutant ana pia kitabu kidogo cha 2010, Vrin hao hao, kinachoeleza ujuzi ni nini. Kwenye intaneti, Stanford Encyclopedia of Philosophy ni bure na kurasa zake zinashuka kwa mega kidogo; mwisho wa kila makala kuna orodha ya vitabu ambayo ni ramani tosha. PhilPapers itakuonyesha nakala ambazo waandishi wenyewe wameziweka wazi. JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma, inakubali akaunti ya bure ya kusomea kwenye skrini. Kwa Kifaransa kuna L'Encyclopédie philosophique, nayo bure, yenye maelezo mepesi kwa watu wote na marefu kwa wasomi. Shusha vingi siku umeme na mtandao vipo, uchapishe kwa fotokopi zile za kusomwa mara tatu. Makala ya namna hii haisomeki vizuri kwenye simu, kwa sababu unahitaji kuandika pembeni.

Tahadhari moja kuhusu maneno. Kifaransa kinatenganisha "savoir" na "connaître", ilhali Kiswahili chetu, kama Kiingereza, kinatumia neno moja: namjua Kabila fulani wa mtaa wetu, najua kuogelea, najua kwamba Likasi iko kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Mjadala wa Gettier ni wa hilo la tatu peke yake. Na neno "imani" kwetu lina harufu ya kanisa au msikiti. Ukiandika kwa Kiswahili, tumia kitenzi "kuamini", na ueleze mara moja tu kwamba humaanishi dini.

Hapo kwenye maneno, kwa maoni yangu, kuna mada nzuri kuliko nyingi zinazoletwa kwa mapromoteri. Barry Hallen na J. Olubi Sodipo walitoa mwaka 1986 utafiti uliolinganisha maneno ya Kiyoruba ya kujua na kuamini na yale ya Kiingereza. Wakaona kwamba neno la Kiyoruba la kujua linadai mtu awe amejionea mwenyewe, na lile aliloambiwa linaanguka upande wa kuamini, hata akiwa na uhakika nalo. Je, Kiswahili cha Lubumbashi, kile cha "kuyua" kinachosemwa katika mitaa ya Kenya na Katuba mjini humu, kinadai hivyo? Msemo wetu "lisemwalo lipo, na kama halipo laja" unampa msemaji mkopo mkubwa sana. Je, mkopo huo unatetewa kwa hoja, au ni desturi tu? Hapo unaingia kwenye suala la ushuhuda: je, neno la mtu ni chanzo cha ujuzi chenyewe, kama C.A.J. Coady alivyotetea mwaka 1992, au lazima kwanza tuwe na ushahidi wetu kwamba msemaji huwa anasema kweli, kama David Hume, Mskoti wa karne ya 18, alivyotaka? Anayeishi mjini ambamo habari nyingi hufika kwa njia ya radio trotwa, yaani maneno ya mitaani, ana mifano ambayo mwanafunzi wa Oxford hana.

Mada ya pili iliyo mlangoni ni dhuluma katika ujuzi, tangu kitabu cha Miranda Fricker cha 2007. Lakini itumike kwa uangalifu. Chukua mchimbaji wa mkono anayeleta mawe yake kwa mnunuzi upande wa Kolwezi. Mnunuzi anaelekeza kile kifaa cha kupimia madini wanachokiita Metorex na kutaja kiwango cha kobalti. Mchimbaji anasema mawe haya ni mazuri kuliko hapo. Kama kifaa kimechezewa, huo ni wizi, na Fricker hahitajiki. Kama kifaa ni kizima na mchimbaji amekosea, hakuna dhuluma. Dhuluma ya ushuhuda inapatikana pale neno lake linapopewa uzito mdogo kuliko linavyostahili kwa sababu ya dharau juu ya watu wa aina yake: "mchimbaji anajua nini?" Utakuwa na kazi ya kutenganisha hali hizo tatu kwa mifano safi, na hiyo peke yake ni sura nzima ya memwari. Anayeita kila udanganyifu "dhuluma ya kiepistemolojia" hukwama mbele ya jopo kwa swali la kwanza.

Mada ya kukwepa ni zile pana: "Epistemolojia na maendeleo ya Afrika", "Mgogoro wa ukweli leo". Ukitaka kugusa falsafa ya Kiafrika, ujue uko katika mji wenye historia yake. Kitabu cha padri Placide Tempels juu ya falsafa ya Wabantu kilitolewa hapa, Élisabethville ya zamani, mwaka 1945, na V.Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi, alichambua mwaka 1988 jinsi ujuzi juu ya Afrika ulivyojengwa. Kosa la kawaida ni kuripoti watu fulani wanaamini nini na kuita ripoti hiyo epistemolojia. Paulin Hountondji aliupinga mtindo huo tangu miaka ya 1970. Swali la fani yetu linaanza pale ripoti inapoishia: je, wana sababu ya kutosha kuamini hivyo, na kipimo cha "kutosha" ni kipi?

Memwari yenyewe iwe na swali moja linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana. Acha sura ya maisha ya mwandishi. Aya moja inatosha. Sura ya kwanza iweke swali na mfano. Ya pili ijenge hoja bora ya upande usiokubaliana nao, kwa nguvu zote, kana kwamba ni yako. Ya tatu itoe hoja yako. Ya nne ijibu mapingamizi mawili, yale makali. Masta ya LMD (mfumo wa lisansi, masta, doktora) ni miaka 2 na kredi 120, na wengi hupoteza mwaka wa kwanza kutafuta mada. Fika na swali tayari.

Ndiyo, inawezekana Lubumbashi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina falsafa katika kitivo chake cha fasihi na sayansi za binadamu (Lettres et Sciences humaines). Ukikosa promoteri aliyebobea upande huu, chukua aliye mkali kwenye mantiki au falsafa ya lugha. Atakusaidia zaidi kuliko bingwa wa Bachelard asiyependa mifano ya taa. Kwa msomaji wa pili wa nje, mwandikie mtu barua pepe ya ukurasa mmoja: swali lako, makala 3 ulizosoma, na pingamizi lako kwa mojawapo. Usimtumie wasifu wa kurasa 6. Karibu nasi kuliko Ulaya kuna kituo cha epistemolojia na falsafa ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Johannesburg, kinachofanya hasa kazi ya kukutanisha mijadala hii na Afrika. Ukifikiria kuomba nafasi nje, kitakachopimwa zaidi ni andiko la mfano la kurasa 15 hivi, na zile kazi zako 12 za kurasa mbili mbili ndizo zitakazolizaa.

Kwa wiki ya kwanza, Mwalimu, fanya hili tu. Chapisha kurasa 3 za Gettier, Kifaransa na Kiingereza. Toa nguzo za mfano wake wa kwanza, uzipe namba. Halafu wape wanafunzi wako wa darasa la mwisho kisa cha taa ya jirani bila kutaja jina la mtu yeyote, uwaulize kama yule mama anajua, na uandike neno kwa neno sababu wanazotoa wale watakaosema anajua.